Draya ilinyamaza kimya katikati ya masika

Mwaka jana mwezi wa tano, mvua zimekolea, draya yangu ya kukaushia nguo ilikataa kuwaka. Nilibonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena nikashikilia kidole pale pale, kimya, hakuna mlio hakuna mtetemo, hata ule mngurumo mdogo wa kuanza haukuja. Naandika haya manake hapa Malindi nshaona mashine nyingi za watu zimetolewa nje zikaliwa na kutu kwa kitu ambacho kingetengenezwa kwa mia chache tu, na mimi nilikuwa karibu sana kuitoa yangu.

Wacha kwanza nieleze kwa nini mtu anakaa mji wa jua kama huu na ana mashine ya kukausha nguo. Mamangu alipooza upande mmoja, ni mwaka wa tatu sasa yuko kitandani. Shuka zake ni tatu, siku nyingine nne kwa siku, na lazima ziwe kavu kabisa, si kavu ya kudanganya, manake shuka yenye unyevu chini ya mtu asiyeweza kujigeuza inamchubua ngozi, na ukishauguza kidonda cha mgongo mara moja hutaki kukiona tena maishani. Wakati wa kaskazi hakuna shida, Januari ukianika saa nne, saa sita ushaitoa imekakamaa kama ng'onda. Lakini kusi ikishaingia na mvua zake, na Mei ndo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote huku kwetu, mto Sabaki unashuka na udongo wa bara mpaka bahari mbele ya mji inakuwa rangi ya chai ya maziwa, hapo shuka inakaa kwenye kamba siku mbili na bado ukiifinya unaiskia baridi ndani. Halafu uvundo. Unaweza kuifukiza udi mpaka umalize kopo zima, ule uvundo unangoja tu udi utoke na wenyewe urudi.

Draya niliachiwa na mama mmoja Muitaliano niliyemfanyia kazi za nyumba miaka mingi. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja aliuza kila kitu ila hii akaniambia chukua, ya mama. Ni ya zamani, zile za kutoa hewa ya moto nje kwa bomba, ina nobu ya dakika na kitufe cha kuwashia, basi. Stima ya kwao na yetu zinaelewana, wao volti 230 sisi 240 na zote hezi 50, ila plagi yake ilikuwa ile ya vijiti vya mviringo kwa hivyo ikaja na adapta. Nikaiweka uani kwenye banda la makuti. Nakuomba uyakumbuke hayo makuti.

Sasa siku hiyo imenyamaza nilifanya nini? Nilibonyeza kitufe kama mara ishirini. Nikafunga mlango kwa nguvu, nikafungua nikafunga tena, nikaipiga ubavuni. Nikaiita kwa jina la Mungu. Halafu nikampigia simu fundi. Fundi akaja na bodaboda kwenye mvua, hakufungua hata skurubu moja, akabonyeza, akainama akaskiza kidogo, akaniambia mota imeungua, elfu tisa, na nimpe nusu yake kwanza ndo aende kutafuta. Sitaki kumsema vibaya, huenda ndivyo alivyoamini. Lakini elfu tisa kwangu ni dawa za mama na pampasi za karibu mwezi mzima, na nilikuwa nishaingia chumbani kufungua pochi.

Wakati huo huo akaingia jirani yangu kumjulia hali mama, bi mkubwa aliyefanya kazi ya dobi kwenye mahoteli upande wa Casuarina tangu ujana wake mpaka akastaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, mbona uso umekukunjamana hivyo?" Nikamweleza. Akauliza, "Imeguna?" Nikamwambia haikuguna. "Imenuka?" Haikunuka. Akasema, "Basi hiyo mota mmeiona wapi? Mota ikifa mara nyingi inaaga kwanza, inaguna ama inanuka waya kuungua. Hii imenyamaza tu, pengine stima haijaifikia. Anzia ukutani uje nayo polepole mpaka ndani, usianzie tumboni."

Fundi nikampa ya bodaboda na ya usumbufu akaenda zake. Na yale maneno ya kuanzia ukutani ndo yaliyonifunza yote yaliyofuata.

Ukutani ni hivi. Tokeni za stima zipo? Zipo, taa inawaka. Swichi kubwa ya kwenye boksi imeanguka? Haijaanguka. Soketi yenyewe je? Nikachomoa draya nikachomeka pasi pale pale, ikapata moto. Usijaribu kwa chaja ya simu ukaridhika, chaja inakula kidogo sana, soketi iliyochoka itaibeba chaja vizuri tu na ikashindwa na mashine. Halafu nikaitazama adapta. Yarabi. Nilipoishika ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja na tundu moja limepanuka limelegea, ukiinusa inanuka kama kwato iliyochomwa. Draya kama yangu inakula wati 2400 hivi, ambayo kwa stima yetu ni kama ampia 10, na inazikula saa nzima bila kupumua, na mimi nimeipitishia kwenye adapta ya mia mbili ambayo hata waya ya ethi, ile ya kukulinda usirushwe na stima, haikuungwa. Mwaka na nusu nagusa chuma cha ile mashine na mikono ya maji.

Mpwangu, mtoto wa dadangu, anasomea mambo ya umeme chuoni, nikamwita jioni akaja na mita yake ya kupimia stima. Akaikata ile plagi ya kizungu akafunga plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, waya ya kahawia mahali pake, buluu mahali pake, na ile ya kijani na njano akanionyesha akaniambia, "Halati, hii ndo roho yako, mtu akikuambia haina kazi mfukuze." Tukachomeka tukabonyeza. Kimya.

Tukasogea hatua moja ndani, mlangoni. Akaniambia, "Halati funga mlango polepole, uweke sikio." Mashine hizi haziwezi kuzunguka mlango ukiwa wazi, kuna kiswichi kidogo kinachobanwa na mlango, na kikiwa kizima unaskia kinasema tik. Wetu hausemi. Akaichomoa kwanza ukutani, hilo hakuwahi kulisahau hata mara moja na namshukuru, akafungua skurubu mbili akakitoa. Kidude chenyewe hakizidi kokwa ya ukwaju, kina kiulimi cha plastiki na miguu ya shaba, na ile miguu ilikuwa imeota ukoko wa kijani, na ndani kuna sisimizi wamekufa, nilihesabu sita, wamekauka wamegandana na chumvi. Sisi tunakaa mita kama mia tano kutoka baharini na kusi ikivuma unaweza kuramba dirisha ukaionja bahari, sasa kwa nini nilidhani chuma cha ndani ya mashine kitasalimika sijui. Akakisugua na mswaki na spiriti, akakipuliza, akakirudisha. Tik. Nilifurahi nikadhani tumemaliza. Tukachomeka tukabonyeza, kimya vile vile.

Hapo nilikata tamaa kabisa, nikamwambia mwanangu pengine yule fundi alisema kweli. Akasema ngoja kwanza, kiswichi kibovu hakizuii na kingine kuwa kibovu.

Akageuza mashine akafungua bati la nyuma, skurubu nane na moja ilikatika kichwa kwa kutu. Ndani kuna lile domo la feni linalosukuma hewa kwenda kwenye bomba, na pale kwenye domo kimebanwa kidude cheupe, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, kina waya mbili. Akaseti mita kwenye ile alama ya mlio, ambapo inalia kama njia ya stima haijakatika, akagusa miguu ya kiswichi cha mlango, mita ikalia. Kitufe cha kuwashia, akakibonyeza, ikalia. Kile cheupe, kimya. Akajaribu tena akikwangua miguu yake kwanza, kimya. Akaniambia, "Hiki hapa."

Ndo nikajifunza kwamba ile ni fyuzi ya joto. Yangu imeandikwa digrii 91. Hewa inayopita pale ikizidi hapo inakatika, na ikishakatika imekatika, haijirudishi kama zile termostati zinazozima na kuwasha. Kwa mashine yangu stima ya mota inapitia humo humo, kwa hivyo ikikatika hakuna kinachozunguka, ni kama mtu amekufungia lango. Kuna mashine nyingine hiyo fyuzi iko upande wa joto peke yake, ngoma, lile pipa la nguo, inazunguka vizuri ila nguo zinatoka baridi, kwa hivyo usije ukaona yako inazunguka ukasema basi fyuzi ni nzima.

Sasa hapa ndo sehemu ninayotaka kila mtu aisome vizuri. Mpwangu akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Halati, hizi waya mbili naweza kuziunga moja kwa moja iwake sai hivi, watu wengi wanafanya." Chumbani kuna beseni la shuka mbichi tatu, nje mvua inapiga, mama amelalia shuka ya mwisho. Nilikaribia sana kusema unga. Halafu nikainua macho nikaona makuti. Yale ya kwangu yana miaka minne, yamekauka, chini yake yana vumbi la nguo limejishika kama utando wa buibui, kijivu, linaning'inia. Kila mtu wa Malindi ameshaona makuti yakishika moto, unajua hakuna kuzima pale, ni kutoa watu tu na kumwagia maji nyumba ya jirani. Na wangu wa kutolewa hawezi kutembea. Nikamwambia hapana mwanangu, tutaingoja fyuzi.

Tukaisaka simu kwa simu mpaka ikapatikana Mombasa, mia sita, ikaletwa na basi la jioni siku ya nne. Hizo siku nne nilikausha shuka kwa feni na pasi, unaipiga pasi mpaka mvuke uishe, shuka moja nusu saa, mkono unauma mpaka begani. Lakini zilikauka. Namwambia mtu yeyote aliye na mgonjwa, pasi inakausha kuliko unavyodhani, na inaua na vijidudu.

Fyuzi ikafungwa, tukabonyeza, ngoma ikanguruma. Nikapiga kigelegele pale uani na mama kule ndani kwa ule ulimi wake mzito akauliza nani kaolewa.

Siku tatu. Siku ya nne asubuhi nikabonyeza, kimya.

Nililia, sifichi. Nikaenda kwa bi mkubwa na ile fyuzi mkononi, ya pili, imekatika kama ya kwanza. Akaigeuza geuza akaniambia, "Mwanangu, hii haijifii kwa kupenda. Imepata joto. Joto limetoka wapi na bomba lipo la kulitoa? Umezunguka nyuma ukaliangalia domo la bomba?"

Sikuwa nimezunguka. Katika hatua zote zile za kuanzia ukutani, ukuta wenyewe sikuuzunguka.

Bomba langu lilikuwa linatoka nyuma ya ukuta pale kwenye mgomba. Na nilipoliweka, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nilikata kipande cha chandarua nikakifunga na mpira kwenye domo, ili mijusi na mbu wasiingie. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Sasa nilipokwenda kuchungulia sikukiona chandarua. Niliona kitu kama kofia ya kijivu, imelowa, imejaa domo lote. Nikasukuma kidole hakikuingia. Nikafungua mpira nikavuta, ikatoka pande zima na umbo la bomba, nzito kama sabuni ya mche, na ukiipasua unaona matabaka, nyeupe za shuka, halafu buluu ya ile shuka mpya tuliyonunua Ramadhani, halafu uwekundu wa leso yangu iliyochuja. Ningeweza kuhesabu miezi mle ndani. Vumbi lote la nguo lililopita kwenye chujio lilikuja kukwama kwenye matundu madogo ya chandarua, unyevu ukaligandisha, na hewa ya moto ikawa haina pa kutokea, inarudi nyuma, inazunguka pale pale kwenye domo la feni mpaka fyuzi inakatika. Ilikuwa inafanya kazi yake. Ilinyamaza ili isituunguze, na mimi nikataka kuinyima hata hiyo.

Na dalili zilikuwepo, ndo kinachoniuma. Mwanzoni shuka mbili zilikuwa zinakauka dakika 50. Kufika mwezi wa pili zikawa saa moja na robo. Mwezi wa nne ni karibu saa mbili, na mimi kila mara naongeza nobu tu na kusema ni unyevu wa hewa. Ukuta wa nyuma ya mashine ulikuwa unatoa jasho. Juu ya bati huwezi kuweka kiganja ukahesabu kumi. Kulikuwa na harufu ya nguo iliyopitishwa pasi kali, na nilikuwa naipenda, nadhani ni usafi.

Kwa hivyo sasa niko hivi. Domo la bomba lina kile kifuniko chepesi kinachoinuka hewa ikisukuma na kuanguka ikizima, mijusi hawaingii na vumbi halikwami, na wavu wa aina yoyote siweki tena. Bomba lenyewe lilikuwa mita nne na kona mbili, lile la kukunjika kunjika ambalo kila mkunjo unashika vumbi, nikalitoa, sasa ni mita moja limenyooka. Mashine nimeihamisha kwenye stoo ya zege, mbali na makuti. Chujio natoa vumbi kila nikimaliza kukausha, si kila nikikumbuka, na mwisho wa mwezi nazunguka nyuma natia mkono ndani ya bomba. Fyuzi niliagiza mbili, moja iko kwenye kopo la sukari pamoja na bisibisi na bado haijahitajika.

Tangu hapo watu mtaani wananiita kutazama zao, nami nawauliza maswali yale yale ya bi mkubwa. Ikiguna na haizunguki, jaribu kuzungusha ngoma kwa mkono, ikikataa kuna kitu kimekwama, ikizunguka lakini kwa uzito na bado inaguna pengine ni kapasita, na hapo mimi natoa mkono naita fundi, manake kapasita inaweka stima ndani hata ukishachomoa na inaweza kukurusha. Ikizunguka kwa mkono nyepesi kama haina kitu, mkanda umekatika, na zipo mashine ambazo mkanda ukikatika haziwaki kabisa. Zile mpya zisizo na bomba, nyingi zina tangi la maji yanayotoka kwenye nguo, likijaa zinagoma, mama mmoja huko Ngala alikuwa karibu kuiuza yake kwa sababu ya tangi. Na mwingine mtoto alibonyeza kile kitufe cha kufunga ili watoto wasichezee, siku mbili nyumba nzima inahangaika.

Leo mvua imeanza tangu alfajiri, nimeweka shuka mbili na leso, dakika 50 nilizotegesha. Haya, naskia ngoma imesimama, wacha nikamtandikie mama kabla hazijapoa.